Heshima ya Kazi na Ujira wa Damu

Kazi ina heshima kubwa mbele ya binadamu. Mtoto hulelewa akiambiwa aipende, kijana hupimwa kwayo kabla ya kupewa mke, na mzee husifiwa kwayo siku ya maziko yake. Waswahili husema kuwa kazi mbi si mchezo mwema, na tena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hizi mbili zimewatoa watu wengi katika uvivu, na hapana mwenye akili timamu awezaye kuzibeza. Lakini kila sifa ina kivuli chake. Jambo likisha kupewa heshima, wenye nia mbaya hulitafuta jina lake walivae, kama mwizi avaavyo kanzu safi ili aingie katika karamu asiyoalikwa. Hapo huzuka swali ambalo si dogo. Je, kila tendo litendwalo kwa ufundi, kwa wakati wake, na kwa ujira uliopatanwa, lastahili kuitwa kazi? Na kama lastahili, je, jina hilo lamwondolea mtendaji lawama ya tendo lenyewe?

Swali hili laweza kuchunguzwa kwa njia nyingi. Njia moja, ambayo huenda ikaonekana duni machoni pa wanachuoni, ni ya sinema. Sinema za wauaji wa kukodiwa ni nyingi na zapendwa sana. Ndani yake mtu mmoja asiye na jamaa wala makao hupokea fedha, hutia risasi katika bastola, na huondoka bila kuacha alama. Ni rahisi kuzitupa zote katika kapu moja la upuuzi. Hata hivyo katika kapu hilo mna sinema moja iliyotolewa Marekani mwaka 2004, ambayo kati ya mbio zake na milio ya risasi zake imelitia swali la kazi, ikaliuliza waziwazi kuliko vitabu vingi. Jina lake ni Collateral. Neno hilo katika Kiingereza lina maana ya dhamana ya mkopo, na pia hutumika kwa madhara yampatayo mtu asiyekusudiwa. Mwongozaji wake ni Michael Mann, na mwandishi wa hadithi yake ni Stuart Beattie.

Hadithi yenyewe hupita katika usiku mmoja wa mji wa Los Angeles. Max, achezwaye na Jamie Foxx, ni dereva wa teksi. Ampakia abiria aitwaye Vincent, achezwaye na Tom Cruise, mtu nadhifu mwenye suti ya kijivu na nywele za kijivu. Vincent asema ana miadi mitano usiku huo, naye amtolea Max dola 600 ili amzungushe mpaka amalize. Max asita, kisha akubali. Katika kituo cha kwanza maiti ya mtu yaanguka kutoka dirishani juu ya teksi, na hapo Max ang'amua kuwa miadi hiyo ni watu watano wa kuuawa, na kuwa yeye sasa ni mateka ndani ya gari lake mwenyewe. Wote watano wana sehemu katika kesi moja inayolikabili genge la wauza madawa ya kulevya. Wa tano, kama Max ajuavyo kwa kuchelewa, ni Annie, mwendesha mashtaka wa serikali, ambaye Max alikuwa amempakia jioni ileile kabla ya kumpakia Vincent.

Mtazamaji asiyejidanganya hana budi kukiri jambo moja la aibu, nalo ni kuwa Vincent anapendeza kutazamwa. Hachelewi. Habahatishi. Vijana wawili wakimwibia mkoba wake katika uchochoro, wote wawili huwa chini kabla jicho halijafahamu lililotukia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mtu huyu, hapana shaka, amejiunda kwa miaka mingi. Lakini katika gari lilelile yuko fundi mwingine. Max huisafisha teksi yake kabla ya kuanza zamu. Azijua njia za mji na saa za msongamano wake. Vincent amwuliza safari ya kwanza itachukua muda gani. Max ajibu kuwa dakika saba, na dakika saba zikitimia wamefika. Vincent, kwa kuwa ni fundi, autambua ufundi wa mwenziwe na kumsifu.

Basi mbele ya mtazamaji wamo watenda kazi wawili katika gari moja, kila mmoja hodari na mwaminifu kwa aliyemlipa. Kama kipimo cha kazi ni ufundi, wakati na ujira peke yake, hapana mizani iwezayo kuwatenga. Wote wawili wangestahili shukrani moja. Moyo wa binadamu unakataa, lakini kukataa kwa moyo si hoja, na Vincent ana hoja. Usiku kucha hujitetea, na utetezi wake waweza kugawanywa katika sehemu nne, ambazo kila moja yastahili jibu.

Utetezi wa kwanza ni kuwa hana chuki. Max amwuliza marehemu alimkosea nini, naye ajibu kuwa hakumkosea lo lote, ndiyo kwanza wakutane usiku huo. Max ashangaa mtu awezaje kumwua mwingine aliyemwona mara moja tu, na Vincent amrudishia kwa mzaha: je, awaue wale tu aliokwisha kujuana nao? Ndani ya mzaha huo mmefichwa neno zito. Mauaji ya chuki, yaonekana asema, ni dhambi ya moyo. Lakini mauaji ya kukodiwa hayana moyo ndani yake, basi dhambi itakaa wapi? Yeye ni mjumbe, na mjumbe hauawi.

Methali hiyo ni ya kweli, lakini hapa imeazimwa bila idhini. Mjumbe hulindwa kwa sababu apeleka neno, na neno huweza kujibiwa. Aliyeletewa habari mbaya hubaki hai, akakubali au akakataa, akatuma jibu. Mjumbe wa namna ya Vincent apeleka kimya kisichojibika. Na tena, kukosa chuki hakulipunguzi kosa lake, bali hulizidisha. Mwenye chuki amemwona adui yake kuwa ni mtu. Amemwona kwa jicho bovu, lakini amemwona. Kwa hiyo huweza kuombwa radhi. Wazee huweza kuketi kati, diya ikalipwa, mioyo ikapoa. Mwuaji wa kukodiwa hana ugomvi ambao mtu aweza kuusuluhisha. Aliyelengwa hata akipiga magoti hana la kutubu, maana hakuna alilomkosea anayemwua. Mlango wa mwisho wa huruma, ambao chuki yenyewe huuacha wazi kidogo, ujira huufunga kwa komeo.

Hila hii ya kubadili majina haikuzuliwa na sinema. Katika miaka ya 1930 palikuwa na genge la wauaji katika Brooklyn, mjini New York, ambalo magazeti yalikuja kuliita Murder, Inc., yaani kampuni ya mauaji. Mwaka 1940 mmoja wa watu wake, Abe Reles, alizitoboa siri zake mbele ya wenye serikali, na hapo ikafahamika kuwa ndani ya genge kumwua mtu kuliitwa mkataba. Neno la wafanya biashara lilitiwa mahali pa neno la mahakama, na dhamiri zikapata usingizi. Mahakama haikulikubali neno hilo. Louis Buchalter, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa genge, aliuawa kwa kiti cha umeme tarehe 4 Machi 1944, na kosa lililoandikwa katika hukumu yake halikuwa kutoa mkataba. Lilikuwa kuua.

Utetezi wa pili ni ufundi wenyewe. Vincent hausemi kwa maneno, lakini kila kitendo chake chausema: jambo lililotendwa vizuri namna hii laweza kuwa baya? Swali hili lina umri mkubwa. Katika kitabu cha Plato juu ya Jamhuri, Socrates awaonyesha wenziwe kuwa aliye hodari wa kukinga maradhi ndiye pia hodari wa kuyaleta kwa siri, na kuwa mlinzi mwema wa fedha ndiye mwizi mwema wa fedha. Maana yake ni kuwa ufundi ni chombo chenye makali pande mbili, wala haujui wenyewe unaelekea wapi. Sifa ya ufundi ni sifa ya njia. Haisemi neno juu ya mwisho wa safari. Mtu aweza kusifiwa kwa kupiga makasia vizuri, lakini kabla ya kumshukuru ni haki kuuliza chombo kimepakia nini na chaenda bandari gani.

Sinema hii imelionyesha jambo hilo katika kituo chake cha tatu, ambacho labda ndicho kizuri na kichungu kuliko vyote. Vincent amchukua Max katika klabu ya muziki wa jazi. Mwenye klabu, Daniel, ni mpiga tarumbeta. Vincent aupenda muziki wake kwa kweli, wala hajifanyi. Amwalika mezani na kumsikiliza akisimulia jinsi alivyopata kupiga pamoja na Miles Davis mwaka 1964. Watu wengine wakisha kuondoka yajulikana kuwa Daniel ni mmoja wa watano. Vincent amtolea ahadi: akijibu swali moja juu ya maisha ya Miles Davis, ataachwa aende zake. Daniel ajibu kama ajuavyo, na jibu halimtoshi muulizaji. Ampiga risasi, kisha akishika kichwa chake kisianguke kwa kishindo, akilaza juu ya meza taratibu. Katika upole huo wa mkono mna maelezo yote ya mtu huyu. Ana sikio la kuujua muziki, ana mkono wa kuistahi maiti, na kati ya sikio na mkono pana mahali patupu. Daniel aliulizwa juu ya muziki. Juu ya uhai wake hakuulizwa neno.

Utetezi wa tatu ni wa wanafalsafa waliochoka. Nyota ni mamilioni kwa mamilioni, asema Vincent, na binadamu ni chembe juu ya mojawapo, kwa muda wa kupepesa jicho. Nani atajali chembe ikizimika? Maneno haya yana sauti ya hekima, na wengi husikiliza sauti wakaacha maana. Lakini na yapimwe kwa mwenendo wa msemaji mwenyewe. Kama binadamu si kitu, basi na aliyemkodi Vincent si kitu, na fedha yake si kitu, na ahadi aliyopewa si kitu. Kwa nini basi huyu mtu akimbie usiku kucha, ajeruhiwe, ahatarishe uhai wake ili aitimize orodha ya watu watano kwa hesabu kamili? Asemaye kuwa hapana jambo lenye thamani, kisha akaithamini kazi yake kuliko roho yake, hakuiondoa thamani duniani. Ameinyang'anya kwa watu akaiweka katika orodha. Nyota hazikumfundisha hilo.

Utetezi wa nne ndio mzito kuliko yote, nao wawagusa wasomaji wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Max alipokuwa bado anatetemeka kwa mauti ya mtu wa kwanza, Vincent amwuliza kama amepata kusikia habari za Rwanda. Huko, asema, makumi ya maelfu waliuawa kabla ya jua kuchwa. Je, Max alipepesa jicho? Max ajibu kuwa hamjui Mnyarwanda hata mmoja. Vincent amkamata palepale: hata huyu maiti aliye nyuma ya gari humjui.

Hoja hii ina kweli ndani yake, wala haifai kupitwa haraka. Ni kweli kuwa ulimwengu ulitazama pembeni. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuwapunguza askari wake wa kulinda amani nchini humo wabaki kama 270. Ni kweli pia kuwa binadamu humlilia mmoja aliye mbele yake, na maelfu walio mbali huwahesabu kwa tarakimu. Lakini Vincent ameichukua kweli hii akaipeleka kusikokuwa kwake. Mtu aliyeshindwa kuzima moto wa nyumba kumi ana deni na aibu. Hakupewa ruhusa ya kuichoma ya kumi na moja. Upungufu wa machozi ya Max juu ya Rwanda ni sababu ya kumtaka alie zaidi, wala si sababu ya kumtaka asilie kabisa.

Na liko jambo kubwa kupita hilo, ambalo sinema yenyewe haikulitaja. Rwanda, ambayo Vincent aliishika kama ngao yake, ndiyo shahidi mkubwa dhidi yake. Katika Kinyarwanda, lugha iliyo jamaa ya Kiswahili, kazi huitwa akazi, na kufanya kazi huitwa gukora. Kati ya Aprili na Julai 1994, katika muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu wapatao 800,000 kwa kadirio la Umoja wa Mataifa, na zaidi ya 1,000,000 kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Wengi wao Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa mauaji. Katika siku hizo, neno walilolitumia wauaji na wachochezi wao lilikuwa hilohilo la kazi. Tarehe 19 Aprili Théodore Sindikubwabo, aliyekuwa rais wa serikali ya muda, alihutubu mjini Butare, katika mkoa ambao mpaka siku hizo ulikuwa na utulivu kuliko mingine. Aliwahimiza watu wafanye kazi. Hakuwa na haja ya kutaja kuua, na mara baada ya hapo mauaji makubwa yakaenea mkoani humo. Mtangazaji Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji aliyekuwa katika redio ya RTLM, alikiri makosa yake mwaka 2000 mbele ya Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Na katika shauri lake ilielezwa kuwa kauli ya kwenda kazini ilikuja kufahamika kuwa ni kwenda kuua.

Msomaji na alitafakari jambo hili kwa utulivu. Mkulima aliyezoea kuamka alfajiri na panga lake kwenda shambani, aliamka alfajiri na panga lilelile. Alitoka na majirani walewale aliozoea kutoka nao, akarudi jioni akiwa amechoka kama alivyozoea kuchoka. Kama angeambiwa kila asubuhi kwa maneno yasiyo na pazia kuwa aende akamwue jirani yake na watoto wake, yamkini baadhi ya mikono ingetetemeka na baadhi ya milango ingebaki imefungwa. Aliambiwa aende kazini, na mkono wa mkulima umezoea kulitii neno hilo tangu utotoni. Heshima yote ambayo vizazi vimeiweka juu ya kazi, yaani uvumilivu wake, ushirika wake na adabu yake ya kutouliza maswali mengi, ilikodiwa kwa siku 100 ili iubebe uovu. Kwa hiyo jina la kazi si pambo tu. Laweza kufanywa silaha, na silaha hiyo humpofusha kwanza aliyeishika.

Basi kazi ni nini, na kitenganishe nini kati ya dereva na abiria wake? Yafaa kukumbuka kuwa kila kazi ina watu watatu: mwenye kuitenda, mwenye kuilipia, na yule ambaye matokeo yake humwangukia. Mara nyingi wa pili na wa tatu huwa mtu mmoja, kama abiria alipaye nauli naye ndiye afikishwaye. Mara nyingine hutengana. Wasemao kuwa kazi ni kazi huwatazama wawili wa kwanza tu. Mtenda katenda, mlipaji kalipa, na hesabu imefungwa. Lakini heshima ya kazi haikutoka kwa hao. Imetoka kwa wa tatu: aliyevushwa mto kwa daraja, aliyelala chini ya paa lisilovuja, aliyekula muhogo uliopandwa na mkono asioujua. Kazi hustahili sifa kwa kuwa ni namna ya mtu kumfaa mtu. Ikimwondoa wa tatu katika hesabu, imejiondolea msingi uliosimamia sifa yake.

Kwa hiyo kipimo kimoja chaweza kutolewa, ambacho hakihitaji elimu kubwa. Je, mtendaji aweza kulitaja tendo lake kwa jina lake kamili mbele ya yule litakayemwangukia, kisha akangoja jibu lake? Daktari wa upasuaji hushika kisu na kupasua mwili. Lakini kabla ya hapo humwambia mgonjwa kuwa atampasua, wapi na kwa nini, na mgonjwa akikataa, kisu hurudi mahali pake. Mwuaji wa kukodiwa hana sentensi hiyo. Huenda mtu akauliza habari za askari vitani, au za mnyongaji wa serikali, ambao nao huua kwa mshahara. Mabishano juu yao ni ya zamani, na wengi wenye hekima huwalaumu pia. Lakini angalau huko tendo limeandikwa kwa jina lake, sheria imetajwa, na yuko anayeweza kuitwa mbele ya watu ajibu. Penye mkataba wa Vincent hapana hata hayo. Malipo hutolewa gizani ili pasiwe na wa kujibu.

Na methali ya kazi mbi, je? Haikumtetea Vincent hata kidogo. Ubi unaosemwa humo ni ubi wa taabu, wa jua kali na ujira mdogo; haikusemwa kuwa uovu wenye faida ni bora kuliko mchezo usio na madhara. Wahenga waliomtia moyo mchimba mtaro na mchukuzi wa mizigo hawakuwa wakimwandikia barua ya sifa mwuaji.

Sinema yenyewe haina usafi kamili katika jambo hili. Imemvika mwuaji uzuri, na watazamaji wengi hutoka wakiukumbuka wepesi wa mkono wake kuliko majina ya waliouawa. Lakini imetenda haki moja kubwa: haikumwacha Max bila lawama. Kwa miaka 12 ameendesha teksi huku akisema kuwa ni kazi ya muda tu, mpaka atakapoanzisha kampuni yake ya magari ya fahari. Juu ya kichwa chake ameweka picha ya kisiwa cha Maldives, na kila azidiwapo na dhiki ya siku huitazama. Mama yake, aliyelala hospitali, amekwisha kumwambia kuwa kampuni ipo. Waswahili husema kuwa ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Kwa juujuu, methali hii yamfanya Vincent kuwa mwungwana na Max kuwa mja. Yule hutenda, huyu husema. Vincent hulifahamu hilo, naye humdhihaki nalo bila huruma.

Lakini kitendo kisifiwacho na methali ni kile kinachotimiza neno jema, na saa ya Max yafika. Baada ya mauaji ya nne, na mpelelezi aliyetaka kumwokoa akiwa ameuawa pia, Max achoka kutii. Kama kweli hapana kitu chenye thamani, basi hata hofu yake haina thamani. Alikaza gari mbio, kisha akalipindua kwa makusudi. Muda mfupi baadaye ajua kuwa wa tano ni Annie, naye akimbia kwenda kumwokoa. Inafaa kuangalia alichokivunja kwanza. Alikivunja chombo chake cha kazi, teksi aliyokuwa akiisafisha kila siku. Alitambua kuwa ustadi wake wote wa usiku ule, njia fupi na dakika zisizokosea, ulikuwa umemfikisha mwuaji kwa watu wanne kwa wakati. Dereva mwema aliposita kuuliza abiria wake aenda kufanya nini, wema wa uendeshaji wake uligeuka sehemu ya mauaji. Alilazimishwa kwa bastola, na lawama yake ni ndogo. Lakini si ndogo kiasi cha kutoonekana, na yeye mwenyewe aliiona.

Hapa ndipo sinema iachapo kuwa habari ya Los Angeles peke yake. Wauaji wa kukodiwa ni wachache, na msomaji hakusudii kuwa mmoja wao. Lakini karani atiaye muhuri hati ya kumnyang'anya mjane kiwanja chake, mwenye duka apunjaye mizani kwa amri ya tajiri wake, na mwandishi atungaye uongo kwa kuwa amelipwa kutunga, wote wana jibu moja midomoni: nafanya kazi yangu tu. Neno hilo dogo la tu ndilo lenye hatari. Lamkata mtenda na tendo lake kama kisu kikatavyo kamba ya mashua, na mashua ikenda mrama, aliyeikata husema kuwa yeye hakuwamo.

Vincent afa ndani ya treni ya mji alfajiri inapokaribia, akiwa ameketi wima kama abiria wengine. Mapema usiku ule alikuwa amesimulia habari ya mtu aliyekufa katika treni hiyohiyo, akazungushwa kwa saa sita huku watu wakiketi karibu naye na kuondoka pasipo mtu kutambua. Sasa ayarudia maneno yale juu yake mwenyewe, akiuliza kama kuna mtu atakayetambua. Aliyesema kuwa chembe moja ikizimika hapana wa kujali, pumzi yake ya mwisho aliitumia kutaka ajaliwe. Ombi hilo ndilo ambalo kila mmoja katika orodha yake alikuwa nalo, na ambalo hakuna ujira ulioweza kulinunua. Heshima ya kazi itadumu maadamu ombi hilo lasikiwa na mwenye kuitenda. Lisiposikiwa, tendo na liitwe kwa jina lake.